Mtwara hadi barafuto za Alaska: uzoefu wangu wa safari ya kwanza ya meli

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa kujaza makaratasi ya meli za watu wengine. Mimi ni karani wa wakala wa forodha hapa Mtwara. Msimu wa korosho ukifika naijua kila meli iliyofunga gatini, imebeba nini na inakwenda wapi. Kulala melini, nilikuwa sijawahi. Boti ya kuvukia Msangamkuu ndiyo ilikuwa safari yangu ndefu kuliko zote baharini. Basi mdogo wangu anayeishi Vancouver, Kanada, aliponipigia simu Novemba 2023 na kusema, "Dada, mwakani twende Alaska tukaone barafuto," nilicheka kwanza, halafu nikachukua kalamu nikaanza kupiga hesabu.

Barafuto, kwa asiyeijua, ni mto wa barafu. Theluji inarundikana mlimani miaka na miaka, ya chini inakandamizwa na ya juu mpaka inakuwa barafu ngumu, kisha lile donge lote linateremka polepole kwa uzito wake. Alaska zipo zinazofika baharini kabisa, na meli inaweza kusimama mbele yake.

Nianze na wakala wa safari, maana yeye ndiye aliyenitoa jasho. Yuko Dar es Salaam, jina lake nalihifadhi. Kijana mchangamfu, anajibu ujumbe hata saa tano usiku, ila kila nikimuuliza habari za barafuto ananitumia video ya bwawa la kuogelea.

"Mama, meli hii ina mabwawa manne!"

"Mwanangu, mimi nakaa Shangani. Bahari hii hapa. Bwawa nilifanyie nini?"

Nilimwomba ratiba ya siku kwa siku, meli iko wapi, inafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi. Ilimchukua siku nne kuileta. Ilipofika nikaona mambo mawili ambayo video hazikuyasema. La kwanza, siku ya barafuto iliandikwa tu "kutazama mandhari ya barafu", bila jina la mahali. La pili, meli ilikuwa inaanzia na kuishia Seattle, Marekani, na usiku wa mwisho inagusa Victoria, Kanada, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano. Mtu wa bandari ukiona kituo cha saa tatu za usiku unajua kuna sheria nyuma yake. Nayo ipo, ya mwaka 1886: meli yenye bendera ya nchi nyingine hairuhusiwi kuchukua abiria bandari ya Marekani, ikawazungusha na kuwashusha Marekani, bila kugusa bandari ya nje. Meli nyingi za matembezi zinapeperusha bendera za nchi kama Bahamas na Panama, kwa hiyo lazima ziguse Kanada. Kwa Mtanzania maana yake ni viza mbili, hata kama Kanada hutaki kuiona. Yule kijana alikuwa ameniambia moja inatosha. Ningemwamini ningerudishwa gatini na mabegi yangu.

Mahali nilipotaka mimi panaitwa Glacier Bay, hifadhi ya taifa iliyomo pia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Wanaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku. Ndiyo maana meli nyingi za Alaska hazipiti humo, na ndiyo maana matangazo yanapenda kusema "barafu" bila kutaja jina. Nilimrudishia kijana ratiba yake nikamwambia anitafutie meli yoyote inayoingia Glacier Bay, iwe kuukuu, iwe haina hata karai la maji. Akapata moja ya usiku saba, kutoka Vancouver na kurudi Vancouver, wiki ya tatu ya Agosti 2024. Msimu wao ni Mei hadi Septemba hivi, baada ya hapo baridi na mawimbi vinawafungia.

Pesa. Kabini ya ndani, isiyo na dirisha, dola 980 kwa kila mtu mkiwa wawili. Ukienda peke yako unalipia karibu kitanda cha pili, kwa hiyo tafuta wa kulala naye chumba kimoja. Juu yake kodi za bandari dola 290, na bakshishi ya wahudumu dola 16 kwa siku, wanaikata wenyewe. "Kila kitu kimelipiwa" aliyonihubiria wakala ilikuwa chakula, chai na maji. Soda na intaneti ni mfuko wako. Ukiongeza nauli ya ndege, viza na mengineyo, mimi nilitumia karibu shilingi milioni 10. Kianzio nililipa Januari kwa fedha ya mnada wa korosho za shamba la marehemu baba. Salio linadaiwa miezi mitatu kabla ya safari, yaani Mei, na kuishika fedha ya korosho tangu Januari mpaka Mei bila ndugu kuinusa ni mtihani kuliko usaili wa ubalozi. Dai kianzio kinachorudishwa. Vipo vya bei nafuu visivyorudi, na ukinyimwa viza ndiyo basi.

Usaili wangu wa viza ya Marekani ulipangwa wiki ya kwanza ya Mei. Wa Kusini mnaikumbuka wiki hiyo. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga, mvua ikamalizia kazi, barabara ikakatika Somanga na Mtwara ikawa kisiwa. Mabasi yamesimama, malori ya bidhaa yamepanga foleni, na mimi nina miadi Dar ambayo nilishailipia dola 185. Nilikata tiketi ya ndege kwa bei ya kulia. Afisa aliniuliza maswali yasiyofika dakika tano: nafanya kazi gani, nani analipia, nina nini cha kunirudisha. Nikamtajia kazi, nyumba na mikorosho yangu. Akanipa. Ya Kanada niliombea mtandaoni, nikaenda kutoa alama za vidole, ikatoka Juni tukiwa tumeshalipa salio lote. Wiki hizo sikulala vizuri. Masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekazwa sana tangu safari yangu, kwa hiyo kabla hujampa mtu yeyote senti moja, pitia kwanza tovuti ya ubalozi.

Nguo usinunue dukani. Niliingia mtumba wa Karume pale Ilala, wana makoti ya baridi ambayo hakuna anayeyataka Dar, nikapata moja kwa shilingi 15,000, limejaa manyoya ndani kama kuku. Kosa langu ni kwamba halikuzuia mvua. Kule mvua ndiyo adui. Ketchikan, mji mmoja tuliosimama, unapata milimita 3,800 hivi kwa mwaka. Mtwara yetu ni kama 1,000. Nilinyeshewa saa nzima nikitazama nguzo za kuchongwa za wenyeji, koti likawa na uzito wa gunia. Chukua jepesi lisilopitisha maji, ndani uvae nguo mbili tatu.

Meli yenyewe ilikuwa safi, na wahudumu wengi, Wafilipino na Waindonesia, wana adabu. Aliyekuwa anatandika chumba chetu aliposikia natoa salamu akaitikia "Waalaikum salaam" kwa furaha, akatuonyesha dira ya kibla kwenye simu yake. Nilikuwa nimeomba chakula cha halali kwa maandishi miezi miwili kabla, nikakipata, ila ilibidi kumkumbusha msimamizi kila jioni. Chumvi wanaijua, pilipili hawaijui. Nilikwenda na yangu ya kukaanga, pamoja na kilo mbili za korosho ambazo nilizitaja kwenye fomu ya forodha Vancouver. Ningeona haya kuzificha, kwa kazi yangu.

Na kibla, sikilizeni. Sisi Mtwara tunaelekea kaskazini. Kule Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, upande wa pili wa dunia, ukifuata njia fupi ya kwenda Makka ni kaskazini vilevile, ikipinda nyuzi chache tu kuelekea mashariki. Nilijiona nimefika nyumbani, mpaka meli ilipogeuka katikati ya rakaa. Sala ya magharibi inaingia saa mbili na robo usiku na mwanga bado upo. Saa ya Alaska pia iko nyuma ya Vancouver kwa saa moja, meli inakutangazia usiku ubadilishe, na asiyesikia anafika kwenye chai milango imefungwa. Mdogo wangu yalimkuta siku moja.

Nilikuwa nimeogopa mawimbi. Haikuwa hivyo: njia inapita ndani ya visiwa karibu muda wote na maji yametulia kama ghuba yetu. Usiku mmoja tu kwenye mwanya wa bahari kuu ndio meli iliyumba kidogo.

Siku ya Glacier Bay niliamka saa kumi na moja alfajiri. Askari wa hifadhi wakaja kwa boti, wakapanda kwa ngazi ya kamba wakiwa na kofia zao, na kutwa nzima mmoja wao akawa anaeleza kwenye kipaza sauti. Mwaka 1794 mabaharia Waingereza walipopita hapo hapakuwa na ghuba ya kuingia, barafu ilikuwa imeujaza mlango. Sisi tuliingia ndani kilomita 105 ndipo tukaifikia. Kabla ya barafu kusonga mbele, katika miaka ya 1700, bonde lile lilikuwa makazi ya Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili. Barafu iliwafukuza kwenye vijiji vyao, na wazao wao wengi wako Hoonah, ng'ambo ya mlango. Na walipohama walikwenda na majina ya mahali.

Maji yakabadilika rangi tukikaribia, yakawa kama tui la pili, kwa sababu barafuto inasaga mwamba kuwa unga. Vipande vinaelea na vinalia: tsk, tsk, kama korosho kwenye karai la moto, hewa ya zamani inatoka kwenye vitundu vyake. Halafu barafuto yenyewe, Margerie, ikajitokeza. Upana wake kama kilomita moja na nusu, kimo cha mita 75 juu ya maji, na katikati ya nyufa rangi ya buluu ambayo mimi nilidhani kwenye picha wanaitia. Nahodha alizima kelele zote akaigeuza meli taratibu, kila ubavu ukapata zamu, kwa hiyo wenye vyumba vya kibaraza waliolipa mara mbili yangu waliona nilichoona mimi kwenye sitaha.

Tulisimama dakika arobaini hakuna kitu. Watu wakaanza kurudi ndani kwenye supu. Mimi nikabaki, nimezoea kusubiri meli. Kipande cha ukubwa wa ghala kikaachia upande wa kushoto, kimya kabisa, kikazama, na ndipo sauti ikaja. Watlingit huiita radi nyeupe. Simu yangu ilikuwa inapiga picha upande wa kulia. Mzee wa Kimarekani aliyesimama karibu nami aliuliza kama nchini kwetu kuna barafu; nikamwambia ipo, Kilimanjaro, na mimi sijawahi kuiona. Akacheka sana. Mimi kidogo.

Juneau hatukununua matembezi ya meli. Basi la watu binafsi lilitupeleka hadi barafuto ya Mendenhall kwa dola 45 kwenda na kurudi, wakati kaunta ya meli ilikuwa inauza safari hiyohiyo kwa karibu mara mbili. Tulikuta mitaa fulani bado na magodoro na mazulia yaliyoloa nje ya nyumba. Tarehe 6 Agosti maji yaliyojikusanya kando ya barafuto yalipasua njia chini yake, mto ukaingia nyumba zaidi ya mia moja. Dereva aliposimulia nikamwambia habari ya Somanga, akauliza barabara ilifunguliwa baada ya siku ngapi, kama mtu anayeuliza jirani.

Safari ya boti ya kutazama nyangumi niliikataa, mdogo wangu akanuna. Nyangumi wanapita Msimbati, pwani yetu ya Mtwara, mwezi huohuo wa Agosti bure. Kesho yake tukawaona watano kutoka sitahani, akasahau.

Meli naipa nyota nne, moja nimeikata kwa kaunta ya matembezi na kwa kukumbushana kuhusu halali. Wakala nyota mbili, zote za kujibu ujumbe haraka. Njia yenyewe sina cha kuikata.

Koti ninalo bado, liko juu ya kabati, limekauka. Wa Mtwara au Lindi anayejiandaa kwenda aje alichukue, mradi aweke la mvua juu yake.