Programu ya kuchora mapango: nyota tatu, kisha mbili, mtaona wenyewe

Walioniuliza kwa nini nimekasirika na ile programu ya kuchora mapango niliyokuwa naisifia kila mahali, jibu ndilo hili. Jina lake siliandiki. Anayechora mapango kwa simu ataijua, na asiyeijua hajakosa kitu.

Nianze na haki yake. Kuchora inajua. Ndani ya pango GPS haifanyi kazi, mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba, kwa hiyo mahali pa pango unapachukulia mdomoni tu, ukiwa bado unaona anga. Kuanzia hapo ni kupima kituo kwa kituo: umbali kwa leza, uelekeo kwa dira, na mwinamo, maana pango halijali kama wewe unataka sakafu iliyonyooka. Wenzetu wa zamani walikuwa na futikamba na daftari lililoloa tope. Hii inavuta vipimo kutoka kwenye leza kwa Bluetooth, na mstari unajichora huku unautazama. Vituo niliviwekea vinukta vya rangi ya kucha ya shemeji (bado anaitafuta, mimi nimenyamaza). Ukizunguka ukarudi kwenye nukta uliyoanzia, programu inakuonyesha mwanzo na mwisho vimeachana kwa kiasi gani. Betri za tochi ya kichwani ziliivuruga dira mwanzoni, mstari ukagoma kufunga. Ulipofunga nilipiga yowe peke yangu mle gizani, popo wakaitikia.

Kama mambo yangeishia hapo ningetoa nyota tano.

Pango lenyewe liko upande wa vilima vya chokaa vya bonde la Songwe, ukishapita Mbalizi. Silo Pango la Popo. Lile kila mtu analijua, na maji ya moto ya jirani yake pia. Hili ni dogo, kichaka kimeziba mdomo, na wenyeji wana mambo yao ya kimila mle. Mzee anayepatunza aliniruhusu kwa sharti moja. "Chora, mwanangu. Ila usituletee watu."

Nikachagua "Binafsi". Picha ya skrini ninayo, atakayebisha aje nimwonyeshe.

Baadaye likaja sasisho. Hakuna ujumbe, hakuna "je, unakubali". Mapango yote yaliyokuwa "Binafsi" yakageuka "Jamii", na nambari za mahali zikaanikwa na desimali zake tano. Kwa asiyejua hesabu hizi: desimali ya tano ni kama mita moja. Yaani wamempeleka mtu hadi kwenye kizingiti! Wangeziacha mbili tu, mtu angekuwa na kama kilomita nzima ya kuhangaika vichakani, angechoka, angerudi Mbalizi kula chipsi.

Hawakuchoka. Walikuja na bodaboda, wakakata kichaka, wakawasha moto mdomoni, moshi ukawatoa popo mchana kweupe. Kwenye ukuta, juu kabisa ya kinukta changu cha rangi ya kucha, kuna mtu kaandika jina lake na la mpenzi wake kwa rangi ya kupuliza, na moyo katikati. Rangi ya bluu.

Mzee hakunigombeza. Alinipigia simu, tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha: "Hao wageni wako walirudi salama?"

Niambieni unajibu nini hapo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, kwanza. Nikasema pango si langu, liondoeni leo. Wakakaa kimya, na jibu lilipokuja lilikuwa la Kiswahili cha mashine: "Habari mpenda mapango! Asante kwa kuifanya dunia ionekane. Michango ya jamii haifutwi." Chini yake wakaniwekea beji: Mgunduzi wa Kwanza. Mgunduzi! Mzee yule alikuwa anaingia mle akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Nikaandika tena, safari hii bila adabu, nikapata jibu lilelile na beji ileile.

Msidhani napinga ramani za wazi. OpenStreetMap nachangia, na huko mdomo wa pango una alama yake maalumu. Lakini wao hawakudanganyi, ukiweka kitu ni cha wote, basi usichotaka kionekane hukiweki. Mlambalasi kule Iringa nimepaweka mwenyewe kwenye ramani nyingine bila wasiwasi, maana kaburi la Mtwa Mkwawa lipo pale, alifariki mwaka 1898, serikali inapajua na watafiti wameshachimba. Ninachokataa ni kuambiwa "Binafsi" halafu nikaanikwa.

Sasa jambo linalonitia aibu kulisema kwenye malalamiko: bado naitumia. Nimefuta akaunti, nimezima data, naichorea bila mtandao, kisha natoa faili na kulihifadhi kwenye kompyuta. Sijapata nyingine inayochora hivi. Nilipokwenda kwa mzee kuomba radhi, na sukari mkononi, aliitazama ile ramani kwenye simu muda mrefu, akafuata kwa kidole ule mpito mwembamba wa kushoto, akasema, "Hapa ndipo kaka yangu alikwama." Akataka nimchapishie kwenye karatasi, jina la mahali lisiwepo. Nimeichapisha steshenari moja ya Mwanjelwa, imetoka safi.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili, kwa sababu ya ile beji. Kama unachora pango lisilo na mwenyewe na hujali nani atalifikia, labda kwako ni nne.

Nilikuwa nafunga hapa, barua pepe ikaingia, na akaunti nilishafuta: "Hongera! Pango lako linapendwa wiki hii."

Lako. Nyota moja.