AdwCleaner kwenye laptopu za wanafunzi wa Kansanga: inachosafisha na inachokiacha

AdwCleaner ndiyo programu ninayoanza nayo laptopu inapoletwa dukani kwangu ikiwa imevamiwa na matangazo, na kwa kazi hiyo sijaona inayoishinda. Ila nimeshuhudia watu wengi wakiitumia, skrini ikatulia, wakaondoka wakiamini yamekwisha, ilhali nywila zao zilikwishachukuliwa zamani. Kwa hiyo nitaisifu inapostahili sifa, na pale inapokomea nitapaeleza kwa kirefu.

Nina duka la chapa na fotokopi Kansanga, Kampala, kwenye barabara ya Ggaba, karibu na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Chuo hicho kina wanafunzi wengi kutoka Tanzania na Kenya, kwa hiyo hapa dukani Kiswahili hufanya kazi sawa na Kiganda. Msimu wa tasnifu ukifika, kila mtu anatafuta kitu cha bure: cha kugeuza PDF iwe Word, cha kushusha video, cha kuamsha Office iliyokwisha muda. Hapo ndipo balaa linapopenya.

Unatafuta jina la programu, na matokeo ya juu kabisa ni tangazo la kulipiwa. Ukurasa ukifunguka, kitufe kikubwa cha kijani kinakuita. Kile cha kweli kiko chini, kidogo, hakina hata rangi. Kisakinishi nacho kinakupa njia mbili, ya haraka "inayopendekezwa" na ya kuchagua mwenyewe. Ukipita ya haraka umekubali kila kitu. Ukipita ya pili unakuta visanduku vimekwisha tiwa tiki: badilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari, weka kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) cha kutafuta bei nafuu, ongeza programu ya kuipa kompyuta kasi. Kitufe cha kukataa hupakwa kijivu ili uamini kwamba hakifanyi kazi. Kinafanya kazi, kibonyeze.

Nyuma ya visanduku hivyo kuna biashara kamili. Mwenye programu ya bure hulipwa kwa kila mashine inayopokea mzigo wa ziada. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York walioichunguza biashara hii mwaka 2016 walikuta malipo ya kuanzia senti 10 za dola hadi dola moja na nusu kwa mashine moja. Wakati huo mfumo wa Google wa kuwaonya watumiaji ulikuwa ukitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kuhusu programu za aina hii, karibu mara tatu ya maonyo ya virusi. Na usidhani ni tovuti za vichochoroni tu. Mwaka 2015 SourceForge, ghala lililoheshimiwa na watengenezaji wa programu huria, lilitia matangazo ndani ya kisakinishi cha Windows cha GIMP, programu ya kuhariri picha, bila ridhaa ya wenyewe. Wamiliki wapya walioingia mwaka 2016 ndio waliofuta mpango huo.

Sasa AdwCleaner yenyewe. Ilianzishwa na mtengenezaji wa Kifaransa, na kampuni ya usalama ya Malwarebytes ikainunua Oktoba 2016. Ni ya bure, ni ya Windows, na haisakinishwi: ni faili moja, unalibonyeza linafunguka. Kwa sisi tunaonunua bando la intaneti kwa kupimiana, wepesi wake ni faraja. Inapekua folda, rejista ya Windows (daftari la mipangilio yake), kazi zilizopangwa kujiwasha zenyewe na viendelezi vya vivinjari, kisha inakuonyesha orodha. Unachagua cha kuweka karantini, yaani kutengwa kisiweze kufanya kazi, mashine inajizima na kuwaka upya. Hifadhi kazi yako kwanza, maana programu zote zitafungwa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakuna kinachofutwa bila wewe kuona. Orodha inatenganisha takataka zilizoingia na programu alizoziweka mtengenezaji wa laptopu kiwandani, hivyo hufuti kitu cha sauti au cha betri kwa bahati mbaya. Kuna pia sehemu ya matengenezo inayorudisha mipangilio ya proksi (njia ambayo mawasiliano yako hupitishwa) na kuondoa sera bandia za Chrome, yaani kanuni ambazo mtumiaji hawezi kuzibadilisha. Hilo la sera ni muhimu kuliko linavyosikika. Ukiona Chrome ya mwanafunzi inasema inasimamiwa na shirika, na yeye hana shirika lolote, mara nyingi kuna programu iliyojiandikia ruhusa ili kiendelezi chake kisiondoleke. Kuna mafundi mjini ambao tatizo hilo hilo hulitibu kwa kupiga Windows upya, mteja analipa, na mafaili yake yakiponea chupuchupu ni bahati.

Mahali inapokomea ni hapa. AdwCleaner imeundwa kuwinda matangazo na programu zisizotakiwa. Haikai macho ikilinda mashine. Inafanya kazi unapoifungua tu. Na haikuundwa kuwa kinga dhidi ya wezi wa nywila, yaani zile programu ndogo zinazokomba kila nywila iliyohifadhiwa kwenye kivinjari, zikaituma kwa mwizi aliyezitengeneza au kuzisambaza, na pengine zikajifuta.

Hizi hupenda sana kusafiri ndani ya viamshi vya Windows na Office. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi vya KMSPico, kiamshi maarufu cha Windows na Office, vilivyosambazwa mtandaoni vilivyobeba Cryptbot, mwizi wa nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Karibu kila kiamshi huja na agizo moja: zima antivirasi kwanza. Agizo hilo peke yake linatosha kukufanya ufunge ukurasa.

Dada mmoja wa mwaka wa mwisho aliniletea laptopu ya namna hiyo. Matangazo niliyaondoa, skrini ikawa shwari, akashukuru. Akarudi: barua pepe yake inafunguliwa kutoka nchi ambayo hajawahi kukanyaga.

"Kaka, si uliniambia imesafishwa?"

"Mashine ni safi, dada. Akaunti ndiyo bado."

Alikuwa amebadilisha nywila, tena akiwa kwenye simu, jambo lililo sahihi kabisa. Lakini wezi hawa huchukua pia vidakuzi, yale mafaili madogo yanayokumbuka kwamba umekwisha ingia. Mwenye kidakuzi haulizwi nywila, na kubadili nywila tu bila kuviondoa vifaa vilivyoingia ni kubadili kufuli wakati mwizi angali sebuleni. Tulifungua orodha ya vifaa kwenye akaunti yake, tukaondoa vyote, tukaangalia kama kuna kanuni iliyowekwa ya kupeleka barua kwingine, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya hapo ndipo tukaenda kwenye akaunti ya chuo na ya benki. Barua pepe lazima itangulie, kwa sababu nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni AdwCleaner kwanza, kisha programu ya bure ya Malwarebytes kupekua mashine nzima, kisha upekuzi wa nje ya mtandao wa Defender, antivirasi iliyomo ndani ya Windows, ambao huwasha kompyuta kabla Windows haijaamka na kuchukua kama dakika 15. Mashine iliyowahi kupokea kiamshi cha Office siimalizi hivyo. Hiyo naipiga Windows upya baada ya kuokoa mafaili, na mteja namweleza kwa nini.

Kwa Uganda lazima nizitaje na VPN, programu zinazopitisha mawasiliano yako kwingine ili ukwepe vizuizi vya mtandao. Julai 2018 ilipokuja kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, na tena Januari 2021 Facebook ilipofungwa, watu walipakua VPN za bure kwa pupa, wengine kutoka kwa mafaili waliyorushiwa na rafiki. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulioshirikisha CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, ulipima VPN 283 za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikufumba mawasiliano hata kidogo. AdwCleaner haitakusaidia kwenye simu. Pekua kwa Play Protect, kikaguzi cha Google kilichomo kwenye Play Store, na toa VPN yoyote usiyojua mwenye nayo ni nani.

Ipakue AdwCleaner kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe, si kwenye tangazo la juu la matokeo, maana zimewahi kutokea nakala za uongo za jina hili hili zilizodai fedha ndipo zisafishe. Kwa programu nyingine za kawaida natumia Ninite: unatia tiki VLC, LibreOffice, 7-Zip, nayo inazisakinisha moja kwa moja huku ikikataa vya ziada kwa niaba yako. LibreOffice imewaondolea wateja wangu kadhaa haja ya kiamshi kabisa. Ndani ya usalama wa Windows hakikisha kizuizi cha programu zisizotakiwa kimewashwa. Microsoft ilianza kukiwasha chenyewe mwaka 2021, ila mashine nyingi zinazonifikia kuna mtu amekizima.

Nyota naipa nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu skrini ya mwisho ikisema kazi imekamilika haimwambii mtu abadilishe nywila. Malwarebytes ya kulipia itakupa siku 14 za majaribio, kisha inabaki kupekua tu bila ulinzi wa kudumu. Dukani siilipii, Defender inanitosha. Mwenye ofisi ambako watu tofauti wanatumia kompyuta moja na kuchomeka flashi za kila aina, huyo ningemshauri ailipie.