Kichwa cha gia cha mpingo: miezi saba nikiwa nacho

Mkono wangu wa kushoto unashinda juu ya gia. Nafanya hesabu za vyama vya msingi vya korosho, na minada ikishaanza Oktoba sina siku ya kukaa ofisini: leo Nanyamba, kesho Tandahimba, keshokutwa Newala, na wiki haijaisha nimeshafika Masasi na kurudi Mtwara mjini. Gari langu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2007, otomatiki, na kichwa cha gia lilichokuja nacho kutoka Japani kilikuwa cha ngozi. Jua la huku na jasho la mkono viliila ile ngozi taratibu. Kwanza ilipasuka kwa juu, kisha ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda kwenye kiganja. Siku moja nilimpa mkono mwenyekiti wa chama nikamwachia weusi kwenye vidole. Jioni ile ile nikaanza kutafuta kingine.

Najua wapo wanaosema otomatiki haihitaji haya, ukishaweka D ya kwenda mbele umemaliza. Anayesema hivyo hajashuka kutoka Newala kwenda upande wa Masasi akiwa na abiria wanne na mvua inanyesha. Pale juu ni ukingo wa uwanda wa Makonde, barabara inaporomoka, na usipotumia gia ndogo kulizuia gari utanusa breki zako mwenyewe. Gia naishika, naipandisha na kuishusha. Ni kitu ninachokigusa kuliko hata simu yangu.

Cha kwanza nilikinunua kwenye duka la mapambo ya magari, Sh 45,000. Tufe la chuma linalong'aa kama kioo, karibu nusu kilo. Ndani ya boksi kulikuwa na vipete vya plastiki vya kuvisha kwenye liva, ule mkono wa chuma wa gia, na skrubu tatu ndogo za kubana kwa pembeni. Muuzaji akaniapia kwamba kinaingia gari lolote. Hakuna kichwa cha gia kinachoingia gari lolote. Skrubu tatu zinazobana plastiki zitalegea tu, kwa sababu barabara inatikisa na plastiki inalainika kwa joto. Zangu zililegea siku ya tisa. Nilikuwa Nanyamba, natoka ghalani kwa rivasi, lori la magunia limesimama nyuma yangu. Navuta gia kutoka R kwenda D, kichwa chote kikabaki mkononi. Liva iko uchi, gari bado linarudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikazima gari, nikakaa pale na lile tufe mapajani mpaka moyo ukatulia.

Hata kingebaki mahali pake nisingedumu nacho. Gari likiegeshwa juani tangu saa nne asubuhi, ukirudi saa saba mchana chuma kile hakishikiki. Nilikuwa nakifunika kwa kipande cha kanga kila nikishuka, na bado kilikuwa kinaniunguza.

Mchongaji niliyemwendea baadaye ana kibanda barabara ya kwenda Mikindani, chini ya mwembe, ukitoka mjini kipo mkono wa kushoto. Ni mzee wa Kimakonde, na amechonga tangu ujana wake. Wengi wa rika lake walihamia Dar es Salaam kuuza vinyago Mwenge, yeye akabaki. Nilimkuta amekaa chini, kipande cha gogo amekibana kwa nyayo zake mbili, anakichonga kwa tezo kidogo kidogo. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Kinyago au kazi?" Nikamwonyesha kile kichwa cha ngozi kilichobanduka. Alikigeuza mara tatu, akaingiza kidole cha mwisho kwenye tundu la chini, akasema, "Hiki kazi yake iko ndani, siyo nje." Maneno hayo yalinifanya nimwamini, maana muuzaji wa lile tufe alinisifia mng'ao peke yake.

Mpingo hapa kwetu kila mtu anaujua kwa jina, ila wengi wamewahi kuuziwa mti mwingine uliopakwa kiwi nyeusi. Babu alichukua ndoo ya maji, akatumbukiza vipande viwili. Kimoja kikaelea, kingine kikazama moja kwa moja hadi chini. Mpingo uliokauka bado ni mzito kuliko maji. Kisha akanionyesha kichwa cha gogo lililokatwa: katikati weusi unaoelekea zambarau, pembeni ukanda mwembamba wa rangi ya siagi. Nikamwomba aache ukanda ule kidogo chini ya kichwa, kama pete. Akafurahi. Alisema wateja wengi huutaka uondolewe wakidhani ni mbao mbovu.

Nilimuuliza mti anautoa wapi, kwa sababu sitaki gari langu lipambwe kwa mti ulioibwa msituni. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kukatwa, ndio mti wa taifa, na vipo vijiji huko Kilwa vinavyosimamia misitu yao wenyewe na kuuza mpingo kwa utaratibu. Kichwa changu kilitoka kwenye mabaki ya kinyago kikubwa alichokuwa amemaliza, kipande ambacho kingeishia kuwa kuni au pete ya ufunguo. Mti huo huo ndio mafundi wa Ufaransa wanaotengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, maana hautikiswi kirahisi na unyevu wala joto. Mimi nilihitaji sifa hiyo hiyo kwa gari linaloegeshwa juani Mtwara.

Sasa yale ya ndani, ambayo kwangu ndiyo yanastahili maneno mengi zaidi.

Gari langu lina njia ya gia ya zigizaga. Liva haina kitufe, unaisogeza pembeni na mbele kufuata mkato, na kichwa kimekazwa kwa thredi tu, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, juu ya ncha ya liva. Kukitoa ni kukizungusha kinyume cha saa. Kile changu cha ngozi kilikuwa kigumu kwa sababu hakijawahi kutolewa tangu kiwandani. Nilikizungushia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kikakubali. Kabla ya hapo nilikuwa nimeegesha tambarare, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi, kisha nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikakanyaga breki na kuiweka gia kwenye N, yaani huru, ili mkono upate nafasi mbali na dashibodi.

Fundi wangu wa gari alikuja na kopo lake la nati. Hakupima kwa kifaa chochote. Alichukua nati ya milimita 8, ile ya kawaida inayokazwa kwa spana namba 12 kwenye Toyota nyingi, akaizungusha kwenye ncha ya liva kwa vidole viwili. Ikashuka mizunguko mitano bila kukwama wala kucheza. "Hiyo ndiyo thredi yake," akasema. Nati ikigoma kwenye mzunguko wa pili, usiilazimishe, utakula thredi ya liva, na liva mpya ni kazi ya kufungua kibweta chote cha katikati. Magari mengine yana kipimo kingine, kwa hiyo usimwambie mchongaji "ni Toyota" ukadhani umemaliza. Peleka nati yenyewe iliyoingia kwenye liva yako.

Babu alichimba tundu la pembe sita chini ya kichwa, akaipachika nati, akaibandika kwa gundi ya haraka, ile ya kubandikia viatu. Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na nalisema ingawa nampenda sana yule mzee. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kuzunguka ovyo mkononi. Gundi ilikuwa imeachia kwa joto, nati inazunguka ndani ya mbao. Nilirudi. Hakubisha, hakudai hela. Tulikaa na fundi wa gari pale pale chini ya mwembe tukatafuta njia. Fundi akampelekea kazi mtu wa kukereza vyuma, naye akatengeneza bushi ya shaba, kibomba kifupi chenye thredi ndani na mikwaruzo ya kuzunguka kwa nje, kama kucha, ili gundi ipate pa kushika. Babu akachimba upya, akaijaza gundi ya kuchanganya mirija miwili, akaiacha siku mbili kabla hajaniruhusu kuigusa. Tundu lilichimbwa refu kuliko bushi ili ncha ya liva isigonge mbao juu. Tangu siku hiyo hakijatikisika. Sh 12,000 za bushi nililipa mimi, na ni hela niliyotakiwa kuitoa tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelijua bila fundi. Kichwa changu si mviringo kamili, kina umbo la korosho bichi, tumbo upande wa kiganja na mkunjo upande wa vidole. Babu alilichonga hivyo alipojua kazi yangu, sikumwomba. Ni zuri sana mkononi, lakini kitu chenye mbele na nyuma hakiwezi kukazwa kiholela; kinaweza kukaza kikiwa kimetazama dirishani. Fundi alitanguliza nati nyembamba kwenye liva, akazungusha kichwa mpaka kikae kilivyotakiwa, kisha akaipandisha ile nati kukifungia kwa chini. Ile pete ya rangi ya siagi ikaishia juu kidogo tu ya kava la liva. Nilikaa garini jioni ile bila safari, nikakipitisha P ya kuegesha, R, N, D, na kurudi, mara kadhaa.

Jambo nililosisitiza ni kumkataza asimalizie kwa kiwi. Kwenye kinyago cha kuwekwa kabatini haina neno, kwenye gia ungerudi kule kule kwa mwenyekiti na vidole vyeusi. Alisugua kwa msasa mkavu, kisha msasa laini zaidi wenye maji, mwisho nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba. Mpingo una mafuta yake, hauhitaji vanishi. Vanishi juani hupasuka na kubanduka kama ile ngozi. Mara moja kwa mwezi nafuta kwa kitambaa chenye nta kidogo, basi.

Mchana, gari likitoka juani, kichwa kinakuwa na uvuguvugu kama mkono wa mtu. Uzito nilipima kwenye mizani ya dukani: gramu 95 pamoja na bushi. Hakigongi wala hakilii kwenye makorongo. Ufa mmoja mwembamba kama unywele ulitokea nikiwa na mwezi wa nne nacho, kwenye ule ukanda mweupe, haujaongezeka. Babu aliniambia sehemu ile nyeupe hukauka tofauti na moyo wa mti, na kwamba asiyetaka ufa aichukue nyeusi tupu. Mimi naipenda pete yangu.

Mwenzangu wa ofisini alivutiwa, akataka na yeye. Gari lake ni la zamani kidogo, gia yake inanyooka mbele na nyuma, na kichwa kina kitufe cha kubonyeza pembeni na kingine kidogo cha O/D, yaani overdrive, cha kuwasha na kuzima gia ya juu kabisa. Babu alikitazama akakataa kazi, na nilimheshimu kwa hilo. Kitufe kile kinasukuma fimbo iliyo ndani ya liva, fimbo inashusha pini inayofunga gia kwenye P. Ukiweka kipande cha mbao kizima hakuna cha kuisukuma, gari halitoki P. Na kile cha O/D kina nyaya mbili zinazopita ndani ya liva. Kuna waliozikata ili kichwa kikae vizuri, wakapoteza uwezo wa kuizima gia ya juu kwenye mlima. Mwenzangu alipeleka kichwa chake kwa fundi viatu akakivisha ngozi halisi iliyoshonwa kwa mkono, vitufe vikabaki wazi, Sh 10,000. Kimekaa vizuri na kitufe kinafanya kazi kama zamani.

Malalamiko yangu mengine kwa babu ni ya muda. Aliniahidi wiki moja, zikawa tatu na siku mbili, kwa sababu alipata oda ya kinyago na sisi wa vitu vidogo tukasubiri. Risiti hana. Simu hapokei akiwa kazini, lazima ufike. Bei yake kwangu ilikuwa Sh 35,000 bila bushi, nusu mwanzo na nusu mwisho. Kwa kazi ya siku nyingi za mkono naiona ndogo, nilimwongezea 5,000 akaikataa mara mbili kabla ya kuipokea.

Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijampeleka ndani. Chukua kichwa chako cha zamani ili apate kipimo cha urefu, chukua nati iliyopimwa kwenye liva yako, na bushi ya shaba uwe nayo tayari mfukoni. Mwombe akushikishe vipande viwili vitatu vya mbao kabla hajaanza kuchonga. Atautazama mkono wako kwanza.