Union Version au Habari Njema: ipi inakifaa kikundi kinachosoma urafiki na Mungu?

Kikundi cha watu 8 hadi 12 kikitaka kusoma habari za urafiki na Mungu, hakina haja ya kitabu cha ziada. Biblia mbili za tafsiri tofauti na saa moja zinatosha. Tumezipima mbili ambazo waumini wengi wa Mtwara na Lindi wanazo mikobani: Union Version ya mwaka 1952 na Habari Njema ya miaka ya 1990.

Kipimo cha kwanza ni Yohana 15:9–17. Mstari wa 15, Union Version inasema "Siwaiti tena watumwa". Habari Njema inasema "watumishi". Neno la Kigiriki ni doulos, yaani mtumwa hasa, mtu mwenye mmiliki. Mtumishi ana mshahara, na akichoka anaaga. Kwa msomaji wa Masasi jambo hili halina haja ya mwalimu. Misheni ya pale ilianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika kwa miguu kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mtumwa akiitwa rafiki, amepewa uhuru na siri za nyumba. Mtumishi akiitwa rafiki, kapandishwa cheo tu. Hapa Union Version inashinda kwa mbali.

Kwenye 1 Wakorintho 13:5, habari ya upendo, mizani inageuka. "Hautafuti mambo yake" ya Union Version inamchanganya kijana, kwa sababu mtu anayeshughulika na mambo yake mtaani husifiwa. Habari Njema imenyoosha: mwenye upendo "hatafuti faida yake binafsi". Lakini msiifunge Union Version haraka, maana mstari huohuo una "hauhesabu mabaya", na Kigiriki chake kweli ni lugha ya mahesabu. Mwenye daftari la madeni dukani ataelewa papo hapo.

Kasoro moja ni ya zote mbili. Katika Yohana 21:15–17 Yesu anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Kwa Kigiriki, mara mbili za kwanza anatumia neno agapao, ya tatu phileo, ambalo ni la jamii moja na neno la rafiki. Kiswahili kinasema "penda" kotekote. Kiongozi asipolitaja, halionekani.

Matumizi ni haya. Msomaji wa kwanza asome kifungu katika Union Version, wa pili katika Habari Njema, kisha kimya cha dakika 2 au 3. Ulizeni neno gani limebadilika, na limebadilisha nini. Mwishoni kila mtu achague tendo moja la wiki, dogo na lenye mahali: kumchotea mgonjwa ndoo mbili za maji, kumpalilia mjane mistari kadhaa ya mikorosho. Msiseme "tutapendana zaidi". Halipimiki na halifanyiki.

Mambo huharibika kwenye taarifa za wiki inayofuata. Wakianza kutaja nani alimsaidia nani, aliyesaidiwa anageuka mdeni mbele za watu na aliyesaidia anakuwa bwana. Ndio utumwa uleule, umerudi kwa mlango wa nyuma. Ulizeni mlichojifunza tu, majina yabaki nyumbani. Mathayo 6:3 imeshasema: mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

Sasa kitabu chenyewe. Fungua katikati utazame uzi: kilichoshonwa hudumu, kilichobandikwa gundi tupu huachia kurasa kwenye unyevu wa Mikindani au Lindi mjini. Jalada la ngozi bandia hubanduka kwa joto, na karatasi nyembamba hujikunja masika. Kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na ukuta. Wazee watafutiwe chapa ya maandishi makubwa, hata kama ni nzito. Programu ya simu ni bure, ila kila mmoja akija na tafsiri yake, kusoma kwa pamoja kunakuwa kelele.

Fedha za korosho zikiingia, kikundi kinunue Union Version tatu kwa kila Habari Njema moja. Wakatoliki watazame yaliyomo kabla ya kulipa: Habari Njema huchapwa kwa namna mbili, na ile isiyo na kitabu cha Yoshua bin Sira inawanyima sura ya 6, mstari wa 5 hadi 17, ambayo ni somo zima la kumjua rafiki wa kweli na wa mezani.