Huduma ya kupima mitikisiko ya majengo ya kale: tuliyoyaona katika kanisa letu, Nakuru

Kanisa letu la mawe limesimama hapa Nakuru tangu enzi za ukoloni, na mwaka jana ufa ulio kati ya mnara wa kengele na ukuta ulifunguka tena, kando kabisa ya saruji tuliyokuwa tumeuzibia. Kamati ya majengo ikaamua kuwaita wahandisi waje kupima jinsi jengo linavyotikisika. Baadhi ya waumini waliona gharama hiyo haina maana, lakini Subukia si mbali, na huko ndiko ardhi ilikopasuka tarehe 6 Januari 1928 kwa tetemeko la ukubwa wa 6.9.

Kazi ya upimaji iliniridhisha sana. Hawakutoboa wala kubandua jiwe hata moja. Waliweka vihisi vidogo, yaani vifaa vya kunasa mitikisiko, sakafuni, juu ya kuta na kwenye chumba cha kengele, kisha wakaacha upepo na malori ya barabara kuu yalitikise jengo. Nilisimama nyuma ya mhandisi nikaona mstari wa kompyuta ukirukaruka lori lilipopita, ilhali miguuni sikuhisi chochote. Alinieleza kwamba kila jengo lina kasi yake ya asili ya kuyumba, na tetemeko likiligonga kwa kasi iyo hiyo, myumbo huzidi kukua. Mnara wetu huyumba polepole kuliko kuta, kwa hiyo huvutana nazo pale vinapoungana.

“Mama, saruji haitaushika ufa huu,” akaniambia huku akiupapasa kwa kidole. Walishauri kuta zifungwe kwa vyuma usawa wa paa, na ufa ujazwe chokaa, iliyo laini kama ile waliyotumia waashi wa kwanza.

Ripoti ndiyo iliyonisikitisha. Ilichelewa wiki tano, ikaja imejaa michoro pasipo ukurasa hata mmoja ambao mzee wa kanisa angeuelewa. Zaidi ya hayo, hawakupima udongo wa kiwanja, ilhali sehemu kubwa ya Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano, na udongo laini huukuza mtikisiko kabla haujafika kwenye msingi. Tulipouliza, tuliambiwa hiyo ni huduma ya malipo tofauti. Jambo hilo lilipaswa kusemwa kabla hatujatia sahihi.

Hata hivyo tutawaita tena vyuma vikishafungwa, wapime mnara upya, na safari hii udongo umeandikwa kwenye mkataba.