Kidonge cha aleji kipi ununue: setirizini, loratadini, Piriton na vingine

Ukifika duka la dawa ukasema unawashwa, mara nyingi Piriton itakuwa juu ya meza kabla hujamaliza kueleza. Ni ya bei ya chini, inapatikana mpaka kwenye duka la dawa muhimu la kijijini, na inafanya kazi kweli. Lakini ni dawa ya kizazi cha zamani. Inapenya mpaka kwenye ubongo, inaleta usingizi, na uzito wake wa kichwa hudumu kuliko nafuu yenyewe. Kwa mtu mzima mwenye mzio wa kawaida, anayepaswa kwenda kazini kesho asubuhi, sisi tunaiweka nafasi ya tatu.

Dawa hizi zote hufanya kazi moja: kuizuia histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga unapokutana na vumbi, chavua, manyoya ya paka au chakula usichopatana nacho. Tofauti kubwa iko kwenye ubongo. Za zamani (klorofeniramini, promethazini, difenihidramini, siproheptadini) huingia humo kwa wingi. Pia huziba njia nyingine zisizohusiana na mzio, ndiyo maana mdomo hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu na mkojo hutoka kwa shida. Za kizazi cha pili huingia kidogo sana.

Kwanza, je, ni mzio?

Kupiga chafya mfululizo, pua kuchuruzika maji meupe, macho kuwasha, mabaka yanayovimba na kuhama kutoka mkono hadi tumbo ndani ya saa chache: hapo kidonge kitasaidia. Pua iliyoziba tu, bila chafya wala maji, haifunguki vizuri kwa dawa hizi. Mwenye mafua ya mzio yasiyokwisha hufaidika zaidi na dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani, aiulizie kwa daktari.

Muwasho unaozidi usiku, kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na watu wengine nyumbani wanajikuna pia, huo karibu kila mara ni upele wa wadudu wa ngozini. Piriton itakulaza tu, na wadudu wataendelea kuchimba. Duara lenye ukingo mwekundu ni fangasi, linataka dawa ya kupaka. Kifua kinachobana na kutoa mluzi ni pumu, na kidonge cha aleji si dawa ya pumu.

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikwama, pumzi ikawa nzito, au mtu akaishiwa nguvu na kuzimia baada ya kuumwa na nyuki, kula karanga au kuchomwa sindano, usitafute kidonge. Kinachookoa hapo ni sindano ya adrenalini, na inapatikana kituo cha afya au hospitali. Kidonge huchukua nusu saa au zaidi kuanza kazi, na mtu wa namna hiyo hana nusu saa.

1. Setirizini, miligramu 10

Kwenye pakiti limeandikwa Cetirizine. Kidonge 1 kwa siku kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 12 na kuendelea, kinaanza kazi ndani ya saa 1 hivi na kinashika siku nzima. Kwa mabaka ya kuwasha ndicho tunachokipendelea. Kina dosari moja: kati ya dawa za kizazi cha pili, hiki ndicho kinachosinzisha zaidi. Watu wengi hawahisi chochote, wachache huchoka kabisa. Kwa hiyo kimeze jioni, na kidonge cha kwanza kimeze siku ambayo kesho yake huendeshi chombo.

Mwenye ugonjwa wa figo asimeze kizima bila ushauri. Setirizini hutoka kwa njia ya mkojo, na figo zikiwa dhaifu dozi huwa nusu, mg 5. Bei yake siku hizi imeshuka kiasi kwamba karatasi moja ya vidonge 10, yaani siku 10, si anasa.

2. Loratadini, miligramu 10

Loratadine kwenye boksi. Hii ndiyo ya dereva wa daladala, matatu, bodaboda na lori, fundi wa msumeno, mlinzi wa zamu ya usiku na mwanafunzi wa mtihani. Kidonge 1 kwa siku, na kwa dozi hiyo ni nadra kusinzisha. Huchelewa kidogo kuliko setirizini, saa 1 hadi 3, na baadhi ya watu huona nguvu yake kwenye muwasho ni ndogo. Wanaoongeza vidonge viwili au vitatu ili "ishike" huanza kusinzia, na hapo faida yake imeshapotea. Ini likiwa na matatizo makubwa, dozi hupunguzwa. Mama anayenyonyesha akihitaji kidonge cha aleji, loratadini au setirizini huwa chaguo la kwanza kuliko Piriton, ambayo inaweza kumfanya mtoto asinzie na kunyonya vibaya. Mjamzito aongee na mfamasia au kliniki kabla ya kununua chochote.

3. Klorofeniramini, miligramu 4 (Piriton)

Piriton ni jina la biashara ambalo watu wameligeuza kuwa jina la dawa yote. Kwenye pakiti utakuta Chlorpheniramine au Chlorphenamine. Ni kitu kilekile, kwa hiyo ukiwa na pakiti zenye majina hayo mawili nyumbani, usimeze zote mbili ukidhani zinasaidiana. Watu wa makamo wengi wanaikumbuka tangu enzi za klorokwini, dawa ya malaria iliyowawasha watu mwili mzima, ambapo vidonge vidogo vya njano vilifungwa pamoja nayo. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini Piriton haikuondoka kabatini.

Mahali pake pazuri ni usiku mmoja au mitatu ya muwasho unaokunyima usingizi. Mtu mzima: kidonge 1 kila baada ya saa 4 hadi 6 inapohitajika, visizidi vidonge 6 (mg 24) kwa saa 24. Mzee asizidi vidonge 3 (mg 12), na kwa kweli mzee asipewe kabisa ikiwa setirizini au loratadini ipo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa nusu kidonge, nusu hizo zisizidi 6 kwa siku. Kikate kwenye mstari wake kwa kisu kikavu. Kisipokuwa na mstari kitapasuka vipande visivyolingana, na ni bora kununua ya maji.

Kinachowaponza watu ni hesabu ya saa. Nafuu ya muwasho hukatika baada ya saa 4 hadi 6, ndiyo maana mtu hurudia. Lakini mwili huchukua takriban saa 20 kuondoa nusu tu ya dawa. Ukimeza asubuhi, mchana na usiku, dawa ya jana inakutana na ya leo, na siku ya pili unakuwa mzito kuliko ya kwanza. Aliyemeza saa 4 usiku anaweza kuamka saa 12 asubuhi akijiona mzima, huku mguu wake kwenye breki bado unachelewa. Kutohisi usingizi si kipimo cha kutosha. Kama utaendesha alfajiri, meza loratadini badala yake.

Baada ya siku chache za kumeza mfululizo usingizi hupungua kwa wengi. Hilo hufurahisha, lakini halimaanishi kwamba umakini umerudi wote.

4. Feksofenadini, miligramu 120 au 180

Kwa ubora ingekuwa juu. Haisinzishi karibu kabisa, na mg 180 hutumika kwa mabaka, mg 120 kwa mafua ya mzio, mara 1 kwa siku. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ya bei, na kwa sababu nje ya miji mikubwa utazunguka sana kuitafuta. Ukiinunua, imeze kwa maji. Juisi ya machungwa, balungi au tofaa huzuia sehemu ya dawa kuingia mwilini, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magnesiamu ziache zipite saa 2.

5. Promethazini, miligramu 25

Wengi wanaijua kwa jina la Phenergan. Inasinzisha kuliko zote hapa, na inaweza kumshika mtu kwa muda wa hadi saa 12. Kwa kutapika safarini ina kazi yake. Kwa mafua ya mzio ni kumpiga nzi kwa rungu. Ukiandikiwa, kidonge 1 cha mg 25 usiku, na kesho yake usipange kuendesha. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe kamwe, kwa umbo lolote: inaweza kuzima upumuaji wake.

Usiyopaswa kununua ili kunenepa

Siproheptadini (Cyproheptadine), kidonge cha mg 4, ni dawa ya aleji ya kizazi cha zamani inayofungua hamu ya kula. Kwa sababu hiyo huuzwa kichinichini, Kinshasa hadi Dar es Salaam na Nairobi, kwa wanaotaka kunenepa na kuongeza makalio, wakati mwingine pamoja na vidonge vya steroidi kama deksamethasoni. Uzito unaopatikana huondoka ukiacha. Usingizi hukaa kila siku. Steroidi hupandisha sukari na presha na kuzilaza tezi za mwili, ambazo haziamki siku hiyohiyo ukiacha ghafla. Hapa hatuna dozi ya kushauri.

Dukani

Vidonge vya kuhesabiwa kutoka kopo la 1,000 na kufungwa kwenye kifuko ndivyo rahisi zaidi, na ndivyo vinavyoleta makosa. Klorofeniramini mara nyingi ni kidogo na cha njano, na foliki asidi ya mg 5 nayo mara nyingi ni kidogo na cha njano. Vikikaa droo moja bila maandishi, hakuna wa kuvitofautisha. Lipa zaidi kidogo upate karatasi iliyofungwa, yenye jina, miligramu, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ikibidi vya kopo, ona kopo lenyewe, soma tarehe, kisha muuzaji aandike kwenye kifuko jina, nguvu na namna ya kumeza. Dawa iwe imesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania Bara, au na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Ukipewa kifuko chenye aina mbili, uliza ya pili ni nini. Kuna wanaochanganya Piriton na prednisoloni kwa kila muwasho. Prednisoloni ni steroidi. Hainunuliwi bila mtu aliyekupima.

Kisha soma pakiti ya dawa ya mafua uliyo nayo nyumbani. Nyingi zimechanganywa parasetamoli, kafeini na klorofeniramini hiyohiyo. Yenye mg 4 kwa kidonge, mara 3 kwa siku, ni mg 12. Ongeza Piriton mara 3, mg 12 nyingine, na umefika mg 24, kikomo cha mtu mzima na mara mbili ya kikomo cha mzee, bila mtu yeyote kujua kwamba ameongeza kitu.

Nani aache za usingizi

Mzee, kwa sababu huchanganyikiwa, huamka usiku kwenda chooni na kuanguka. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, kwani mkojo unaweza kufunga kabisa na kuishia kuwekewa mpira wa mkojo. Mwenye presha ya macho ya aina ya pembe nyembamba. Mwenye kifafa, maana dawa hizi hurahisisha degedege, na akiwa anatumia fenobabitoni usingizi hujumlishana.

Usichanganye na pombe ya aina yoyote, wala na diazepamu, tramadoli, kodeini, au amitriptilini. Kila moja peke yake inapunguza kasi ya ubongo. Zikikutana, kinachopungua kinaweza kuwa pumzi.

Watoto

Usimpe mtoto kidonge cha aleji ili alale safarini. Baadhi ya watoto hugeuka: badala ya kusinzia wanachachamaa, wanalia na kutetemeka, na mzazi akidhani dozi haijatosha anaongeza. Chini ya miaka 6 usitumie vidonge. Tafuta dawa ya maji, pima kwa bomba la sindano lenye mililita na si kijiko cha chai, na fuata dozi ya daktari au mfamasia. Dawa ya maji isiyosajiliwa iache hapohapo dukani. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa Gambia, mojawapo ikiwa ya promethazini, zenye daithilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo.

Mtoto akimeza vidonge vingi, dalili ni ngozi nyekundu, kavu na ya moto, mboni za macho kutanuka, mapigo kwenda mbio, kuweweseka, kisha degedege. Usimtapishe, usimpe maziwa. Nenda hospitali hata kama bado anacheza, na beba karatasi au kopo lenyewe, ili wajue ni dawa gani na vimebaki vingapi.