Stetoskopu ya fundi: itakuonyesha pa kushika, ugonjwa utautafuta mwenyewe

Hii stetoskopu ya kusikilizia injini nimeitumia kwenye gari ambayo ikiwa baridi iko kimya kabisa, alafu ikishapata moto inaanza tik tik tik mpaka unazima redio usikilize vizuri. Inafaa, ila sio kwa vile wauzaji wanavyoisifia. Iko kama ile ya daktari, tofauti ni kwamba mahali pa kile kisahani cha kifuani pana fimbo ya chuma, unagusisha ncha kwenye injini na mtetemo unapanda mpaka masikioni.

Shida yake inakuza KILA kitu. Gusa nozeli, ile inayopulizia petroli kwenye injini, ukiwa mgeni utashtuka, tak tak tak, kumbe ndo sauti yake ya kawaida, na zile injini zinazopulizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja ndo zina kelele zaidi. Kwa hiyo pitia nozeli zote, unatafuta ile yenye sauti tofauti na wenzake. Kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu kinachofunika tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu), pia hivyohivyo, tembea na ncha kutoka silinda ya kwanza mpaka ya mwisho, na ugusishe kwenye boliti, kava ikiwa ya plastiki inameza sauti.

Sikiliza na mwendo wake. Kamshafti, ile shafti inayosukuma tapeti, inazunguka nusu ya spidi ya krankishafti, shafti kuu ya injini, yani injini ikiwa sailensa (hujakanyaga mafuta) mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja inagonga kama mara 400. Mtu akanyage mafuta kidogo, kama kugonga hakuongezeki pamoja na injini basi achana na tapeti, tafuta kwingine.

Na hapo kwingine ndo kifaa kilinifurahisha. Kuna kile kivalvu cha umeme cha kunyonya mvuke wa petroli kutoka kwenye kenista (kopo linalotunza mvuke wa tanki), kwenye gari nyingi kompyuta inakisubirisha mpaka injini ipate moto ndo inaanza kukifungua na kukifunga, sasa mtu anasikia tik tik ya moto anaambiwa tapeti zimekufa tufungue hedi (kichwa cha injini). Weka ncha pale, ukisikia inapiga kwa nguvu chomoa waya wake kidogo. Sauti ikikata, umempata (rudisha waya, usije ukawasha taa ya injini bure).

Kama sauti iko juu kwenye tapeti, stetoskopu imefika mwisho wake. Oili ikipata moto inakua nyepesi, presha inashuka, na zile tapeti za haidroli zinazotegemea hiyo presha zinaanza kulegea, ndo maana asubuhi zinanyamaza. Hapo angalia kiwango cha oili, angalia kama uzito wake ndo ule wa kwenye kitabu cha gari, ile 30 ya kwenye 5W-30 inahusu oili ikiwa ya moto nyuzi 100, alafu funga geji ya presha. Fimbo haipimi presha hata uikandamize vipi.

Kwa ekzosi inayovuja pale kwenye manifodi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda) fimbo haina kazi, toa fimbo ubaki na mpira mtupu usogeze mdomo wake karibu na gasketi, utasikia pumzi inachapa. Ingawa hiyo mara nyingi hufanya kinyume, inagonga ikiwa baridi na kunyamaza chuma kikitanuka.

Mpira wenyewe ni mrefu na unaning'inia, ukiinama karibu na feni beliti ushike kwa mkono mwingine, na ile feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila kukuaga. Nimeipa nyota nne. Ya tano imeliwa na vile vya kuweka masikioni, ni vigumu balaa, hujamaliza silinda ya tatu unavitoa upumzike.